Taya, Malaria na Kromosomu ya Nane: Historia ya Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli B, yaani zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Katika Afrika Mashariki huwashika zaidi watoto wa miaka mitano hadi tisa, wavulana karibu mara mbili ya wasichana, na mara nyingi huanzia kwenye taya au tumboni. Dalili ya mwanzo inaweza kuwa jino linalolegea kabla ya wakati wake. Mzazi humpeleka mtoto kung'olewa jino, pengo halifungi, na baada ya wiki chache uso umevimba upande mmoja na jicho limesukumwa nje. Hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua upesi zaidi ya hii: seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Kupitia ugonjwa huu elimu ya saratani ilijifunza jambo ambalo halikuwa rahisi kulisadiki. Jeni inayohitajika na kila mwili wenye afya inaweza kuzaa saratani kwa sababu tu imehamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa pengine ndani ya kiini cha seli. Ushahidi wa jambo hilo ulitoka kwenye vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda na Kenya. Kabla ya hapo kulikuwa na ramani, iliyochorwa na madaktari waliopita hospitali moja baada ya nyingine wakiuliza swali moja: je, watoto wa hapa huvimba taya?

Uvimbe wenyewe ulikuwapo muda mrefu kabla ya kupewa jina. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu na michoro ya watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mapema katika miaka ya 1950 wanapatholojia wa Hospitali ya Mulago, Kampala, wakiongozwa na Jack Davies, walianza kuweka daftari la saratani la mji huo, na wakaona kwamba saratani za tezi kwa watoto wa Uganda zilikuwa nyingi kupita kiasi kilichotarajiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuziona kesi hizo zote kuwa ugonjwa mmoja.

Mtu huyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kuhamia Mulago miaka miwili baadaye. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya za juu na za chini, kushoto na kulia. Jambo hilo lilimtatiza Burkitt. Usaha wa jino hauanzi pande nne kwa mpigo, na saratani ya kawaida huanza mahali pamoja kisha ikasambaa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Burkitt alirudi Kampala akaanza kupekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wakati huo aliamini kuwa ugonjwa huu ni sarkoma, yaani saratani ya tishu kama mifupa na misuli. Ni wanapatholojia Gregory O'Conor na Davies waliothibitisha kwa darubini kwamba seli zile zilitoka katika mfumo wa limfu.

Hatua iliyofuata haikuhitaji maabara. Burkitt aliomba fedha kidogo, akachapa vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, na kuvituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Majibu yalionyesha ukanda unaokata bara kutoka magharibi hadi mashariki, wenye mkia unaoshuka kusini kupitia pwani ya Bahari ya Hindi. Ili kujua mkia ule unaishia wapi na kwa nini, Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, pamoja na madaktari wenzake Edward Williams na Clifford Nelson. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri kiasi cha kilomita 16,000, wakapitia Tanganyika iliyokuwa mbioni kupata Uhuru, wakaendelea hadi kusini mwa Afrika, na wakaingia katika hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza kama ugonjwa ule unaonekana. Jibu la «hapana» lilikuwa na thamani sawa na jibu la «ndiyo», maana mpaka wa ramani haupatikani bila yote mawili. Tafiti nyingi za gharama kubwa zimezaa matunda machache kuliko safari hii.

Mpaka ule ulifuata hali ya hewa. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,500. Kadiri mtu alivyokwenda kusini ndivyo mwinuko huo ulivyoshuka. Alexander Haddow wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, Entebbe, alitambua kwamba kipimo halisi hakikuwa mwinuko. Kilikuwa joto. Ugonjwa ulionekana pale ambapo wastani wa joto katika mwezi wa baridi zaidi haushuki chini ya nyuzi 15.6, na mvua ya mwaka inazidi sentimita 50. Nyanda za juu za Kenya hazikuwa nao isipokuwa kwa nadra. Maeneo ya Ziwa Victoria, magharibi ya Nile na pwani yalikuwa nao kwa wingi.

Uwanda wa kati wa Tanzania umekaa pembezoni kabisa mwa vipimo hivyo. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na hupata mvua ya milimita zisizofika 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Ukishuka kusini kwa njia ya Iringa unafika Mtera, bonde la Ruaha Mkuu kwenye mpaka wa mikoa ya Dodoma na Iringa, ambako ardhi iko chini ya mita 700 na joto ni kali zaidi huku mvua ikizidi kupungua. Kwa kipimo cha joto, Mtera ingekuwa ndani ya ukanda wa Burkitt bila shaka. Kwa kipimo cha mvua, inaning'inia mpakani.

Malaria ya uwanda huu nayo ina tabia yake. Katika maeneo ya Ziwa na pwani, mtoto huumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima, na kinga yake hujengeka polepole kwa gharama ya homa zisizokwisha. Ugogoni, yaani eneo la Dodoma, vimelea huja na masika na kupungua wakati wa kiangazi, na mwaka wa mvua nyingi huweza kuleta mlipuko unaowashika hata watu wazima, kwa kuwa kinga yao ni ndogo. Hadi leo Dodoma huhesabiwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maambukizi madogo. Tofauti hii kati ya malaria ya kudumu na malaria ya msimu ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mjadala kuhusu limfoma ya Burkitt.

Ramani ya mwaka 1961 haikuwa na ziwa pale Mtera. Bwawa lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, Ruaha Mkuu na Kizigo vikazuiwa, na eneo la takriban kilomita za mraba 660 likafunikwa na maji pale bwawa linapojaa. Kambi za wavuvi zikaota kandokando, na nchi iliyokuwa kavu nusu ya mwaka ikawa na ufuko wenye madimbwi hata Septemba. Mbu aina ya Anopheles arabiensis, mzoefu wa nchi kavu, haulizi kama maji yametoka mawinguni au kwenye tuta la zege. Hapo ndipo ukomo wa kipimo cha Burkitt unapoonekana: mvua ilikuwa ishara tu ya kitu kingine kilichohitaji maji na joto ili kuishi. Mabwawa na skimu za umwagiliaji hutenganisha mvua na maji, na ramani iliyochorwa kwa mvua peke yake lazima isomwe upya katika sehemu kama hizo.

Kitu hicho kingine ni kipi? Dhana ya kwanza ilikuwa virusi vinavyobebwa na mbu, kwa mfano wa homa ya manjano ambayo Haddow aliifahamu vizuri. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Gilbert Dalldorf alipendekeza kwamba malaria yenyewe ndiyo inayofuata ramani ile. Zanzibar iliipa hoja hiyo nguvu. Visiwa vina joto na mvua ya kutosha, lakini kampeni za kupambana na malaria zilikuwa zimepunguza maambukizi, na limfoma ya Burkitt ilikuwa nadra huko ikilinganishwa na pwani ya bara.

Virusi navyo vilikuwapo, ila si vya mbu. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alihadhiri katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa London, ndege ikaelekezwa Manchester, na chupa ikafika maabara ikiwa imechelewa na maji yake yamekuwa na wingu. Badala ya kuimwaga kwa kudhani imeoza, Epstein aliiweka chini ya darubini akakuta seli hai zilizojitenga na kuelea. Kutokana na seli hizo zilikuzwa seli za kudumu maabara, na Machi 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya, ambavyo leo huitwa virusi vya Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tatizo ni kwamba virusi hivyo viko karibu kwa kila mtu duniani. Huenea kwa mate, na watoto wengi wa Afrika Mashariki huvipata kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kama vingetosha peke yake, limfoma ya Burkitt ingekuwa ugonjwa wa kila nyumba. Utafiti uliofuatilia watoto 42,000 katika wilaya ya West Nile, Uganda, ulionyesha mwaka 1978 kwamba watoto waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi kupita kiasi dhidi ya virusi hivyo miezi au miaka kabla ya uvimbe. Upande wa malaria ulijaribiwa Tanzania. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka kumi huko Mara Kaskazini walipewa klorokwini mara kwa mara ili ionekane kama limfoma ingepungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, na vimelea navyo vilirudi juu kabla ya mradi kwisha, usugu dhidi ya klorokwini ukiwa umeanza. Jaribio lile halikutoa uthibitisho ulionuiwa, na hakuna jingine la ukubwa huo lililowahi kufanywa.

Wakati madaktari wakihesabu vimelea, wengine walikuwa wakihesabu kromosomu. Wazo kwamba saratani huanza na kasoro ya kromosomu lilikuwa la zamani: Theodor Boveri wa Ujerumani alilieleza katika kitabu cha mwaka 1914, lakini hakuwa na njia ya kulithibitisha. Hata idadi sahihi ya kromosomu za binadamu, 46, haikujulikana hadi mwaka 1956. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia kwa jina la mji wao. Bado kromosomu nyingi zilifanana mno machoni kiasi cha kutotofautishwa. Ufumbuzi ulitoka Stockholm, ambako Torbjörn Caspersson na Lore Zech walizitia rangi inayong'aa na kuona kila moja ina mistari yake. Rangi waliyotumia ilitokana na kwinakrini, dawa ya malaria iliyomezwa na maelfu ya askari katika Vita vya Pili vya Dunia chini ya jina la mepakrini. Malaria iliingia hata kwenye rangi ya darubini.

Hukohuko Stockholm mtafiti wa saratani George Klein alikuwa akipokea vipande vya uvimbe kutoka Nairobi, ambako daktari Peter Clifford aliwatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt. Katika maabara ya Klein, mume na mke kutoka Bulgaria, Georgi na Yanka Manolov, waliripoti mwaka 1972 kwamba seli nyingi za ugonjwa huu zina kipande cha ziada kwenye ncha ya mkono mrefu wa kromosomu ya 14. Miaka minne baadaye Zech na wenzake walionyesha kinakotoka: ni ncha ya kromosomu ya 8 iliyokatika na kuungwa pale. Baadaye zikapatikana sura mbili zisizo za mara nyingi, ambapo kromosomu ya 8 hubadilishana vipande na ya 2 au ya 22. Kila mgonjwa alikuwa na mkatiko kwenye kromosomu ya 8.

Inafaa isemwe kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya imejengwa juu ya miili ya watoto ambao familia zao hazikuwahi kuelezwa vipande vile vitafika wapi. Seli zao bado zinaishi katika maabara za dunia, nyingine zikiitwa kwa majina yao, na zimetumika hata kutengenezea dawa. Kanuni za ridhaa za leo hazikuwapo. Deni hilo lipo, na historia ya ugunduzi huu haikamiliki bila kulitaja.

Kulikuwa na nini kwenye kromosomu ya 8? Klein aliona kwamba kromosomu za 14, 2 na 22 zina kitu kimoja cha pamoja: ndizo zinazobeba jeni za kingamwili. Mwaka 1981 alipendekeza kwamba jeni fulani ya ukuaji iliyoko kwenye kromosomu ya 8 huhamishiwa jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli B hazilali kamwe, na hivyo huamshwa. Mwaka uliofuata makundi mawili ya Marekani, la Philip Leder na la Carlo Croce, yaliikuta jeni hiyo pale ilipotabiriwa. Ni MYC, ambayo ilikwisha kujulikana kutokana na virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Protini yake huziamuru jeni nyingi nyingine na kuisukuma seli igawanyike. Katika seli iliyotulia huwa kidogo sana, na hutoweka upesi baada ya kutengenezwa.

Ilitazamiwa kwamba MYC ya saratani ingekutwa imeharibika. Katika wagonjwa wengi protini iliyotoka ilikuwa ya kawaida au karibu na kawaida. Kilichobadilika ni mahali jeni ilipo na kiasi cha kazi yake. Ushahidi ulio wazi zaidi umo ndani ya seli moja ya uvimbe. Seli hiyo ina nakala mbili za MYC, moja iliyohama na moja iliyobaki kwenye kromosomu ya 8 nzima. Iliyohama hufanya kazi mfululizo. Iliyobaki nyumbani kwa kawaida imenyamaza.

Wataalamu wa nzi wa matunda walikuwa wameona kitu cha namna hii zamani. Mwaka 1930 Hermann Muller alipiga nzi kwa mionzi akapata wenye macho ya madoadoa: jeni ya rangi ya jicho ilikuwa nzima, ila imehamia karibu na sehemu iliyoshonana ya kromosomu na ikazimwa katika baadhi ya seli. Miaka miwili kabla yake Emil Heitz alikuwa ameeleza kwamba kromosomu ina sehemu zilizobana daima na nyingine zilizolegea. Leo inajulikana kwamba DNA ya seli moja ya binadamu, yenye urefu wa karibu mita mbili, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni na kukunjwa ndani ya kiini chenye upana wa mikromita chache. Palipobana, jeni haisomeki kwa urahisi. Palipolegea, mitambo ya seli huifikia. Nzi wa Muller walikuwa mfano wa jeni iliyozimwa na mazingira yake. Limfoma ya Burkitt ni mfano wa kinyume, jeni iliyowashwa.

Kinachoiwasha kiligunduliwa mwaka 1983: kipande kifupi cha DNA katikati ya jeni ya kingamwili kwenye kromosomu ya 14, ambacho hakitengenezi protini yoyote bali huongeza kasi ya kusomwa kwa jeni nyingine. Vipande vya aina hii huitwa vichochezi, na sifa yao ya ajabu ni kufanya kazi kutoka mbali. Anayeijua Mtera ataielewa sifa hii. Bwawa lilijengwa kwanza ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, zaidi ya kilomita 100 chini ya mto, na mitambo ya Kidatu ilizunguka au kusimama kwa kutegemea malango yaliyofunguliwa Mtera, kabla hata Mtera haijawekewa mitambo yake yenyewe mwaka 1988. Kichochezi nacho hukaa mbali na jeni kinayoiendesha. Tofauti ni kwamba hakitumi kitu kupitia njia ndefu. DNA iliyo kati yao hujikunja kuwa kitanzi, na ncha mbili zilizo mbali hugusana.

Kwa limfoma ya Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Katika wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani, kromosomu ya 8 hukatikia ndani ya MYC au karibu yake sana. Katika wagonjwa wa ukanda wa malaria mkatiko mara nyingi uko mbali, pengine herufi zaidi ya 100,000 za DNA kabla ya jeni. Katika sura zile zinazohusisha kromosomu za 2 na 22, huwa mbali upande wa pili. Hata hivyo MYC huwaka. Hilo halikuweza kuelezwa vizuri kwa kutazama DNA kama mstari ulionyooka. Ilibidi kiini kitazamwe kwa umbo lake halisi. Ili kuondoa shaka kwamba kichochezi kinatosha kuanzisha saratani, mwaka 1985 watafiti wa Melbourne, Jerry Adams na Suzanne Cory wakiwamo, waliunganisha MYC na kichochezi cha kingamwili na kuviweka katika panya. Karibu panya wote walipata limfoma za seli B.

Njia ya kupima umbo la DNA yote ya kiini ilipatikana mwaka 2009. DNA hugandishwa ndani ya kiini kama ilivyo, hukatwakatwa, vipande vilivyo jirani huungwa, kisha husomwa ili kujua kipi kilikuwa karibu na kipi. Vipimo hivyo vilionyesha, kufikia mwaka 2012, kwamba kila kromosomu imegawanyika katika maeneo yanayojikunja peke yake. Jeni na vichochezi vya eneo moja hugusana mara nyingi, na vya maeneo mawili tofauti hugusana kwa nadra. Mipaka mingi hushikiliwa na protini iitwayo CTCF, huku nyingine, kohesini, ikivuta vitanzi hadi ikwame kwenye mpaka. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba mpaka ukiondolewa, jeni za saratani zilizokuwa zimetulia huweza kufikiwa na vichochezi vya jirani na kuwaka. Baadhi ya saratani huweza kupita njia hiyo bila kromosomu kubadilishana vipande. Katika Burkitt mambo ni ya moja kwa moja zaidi: MYC huletwa yote ndani ya eneo la kingamwili, mahali pasipo na mpaka wa kuizuia.

Umbo la kiini hueleza pia kwa nini kromosomu ya 8 huungana na ya 14 mara nyingi kuliko na nyingine. Kromosomu hazielei ovyo; kila moja ina sehemu yake, na majirani hukutana zaidi. Mwaka 2003 ilipimwa kwamba katika seli B zenye afya MYC hukaa karibu na jeni ya kingamwili ya kromosomu ya 14 kuliko na jeni nyingine ambazo huungana nayo kwa nadra. Miaka minne baadaye ilionekana kwamba seli B inapoamshwa, MYC husogea hadi mahali palepale ambapo jeni ya kingamwili inasomwa. Nyuzi mbili zikikatika zikiwa karibu hivyo, urekebishaji wa seli huweza kuziunganisha kimakosa.

Kinachozikata kinaturudisha kwenye malaria. Ndani ya mitoki, seli B zinazopambana na maradhi hubadilisha jeni zao za kingamwili kwa makusudi ili kupata kingamwili bora, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa na kundi la Tasuku Honjo huko Japani mwaka 1999. AID hukosea. Mara mojamoja hugusa MYC badala ya kingamwili. Maambukizi ya muda mfupi huacha nafasi ndogo ya kosa hilo. Malaria isiyokwisha huziweka seli B katika hali hiyo kwa miezi na miaka. Mwaka 2015 Davide Robbiani, Michel Nussenzweig na wenzao walionyesha kwa panya kwamba maambukizi sugu ya Plasmodium huongeza kukatika kwa kromosomu katika seli B, na kwamba limfoma zilizofuata zilitegemea AID. Virusi vya Epstein-Barr vina kazi yao pia: seli yenye MYC nyingi kupita kiasi kwa kawaida hujiua, na virusi huisaidia isife. Mabadiliko mengine ya jeni hufuata na kukomaza uvimbe, lakini mlango ni huo. Ramani ya 1961, yenye joto na mvua zake, ilikuwa ramani ya mahali ambapo mitoki ya watoto haipumziki.

Matibabu yalianza kabla ya yote haya kueleweka. Katika miaka ya 1960 Burkitt alitumia methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini, na baadhi ya watoto waliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache. Wachache walipona kwa dozi moja au mbili. Mwaka 1967 kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago, ambacho kilizaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri takriban watoto tisa kati ya kumi hupona. Afrika Mashariki idadi ni ndogo kuliko hiyo, na sababu zake si za kibiolojia: kuchelewa kufika, kukosekana kwa vipimo, na dozi zinazokatizwa. Kwa familia ya mvuvi wa Mtera, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa Dodoma mwaka 2015 iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na hospitali za Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam, ni safari ya kuvuka nusu ya nchi, kwa ugonjwa unaojizidisha maradufu kila baada ya siku moja au mbili.

Utambuzi wa kawaida hutegemea kukata kipande cha uvimbe, mwanapatholojia wa kukisoma, na rangi maalumu za kuthibitisha kwamba MYC imehama. Wataalamu hao ni wachache na wengi wako mijini. Kwa hiyo watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, na wagonjwa wa hospitali za Muhimbili, KCMC na Lacor wakishiriki, wamekuwa wakijaribu njia ya damu. Seli za uvimbe zinapokufa humwaga vipande vya DNA kwenye damu, na miongoni mwake vimo vya virusi vya Epstein-Barr na vile vyenye kiungo cha kromosomu ya 8 na ya 14. Kiungo hicho hakipatikani katika seli zenye afya za mtoto huyo, kwa hiyo kikionekana ni ushahidi mkubwa wa ugonjwa. Sindano ya damu huweza kuchukuliwa katika zahanati ambayo haina chumba cha upasuaji wala mwanapatholojia.